Binti yetu amejaa kwenye kiti chake cha garini: kipi kifuate?

SWALI

Mama Mshauri mpendwa,

Pokea salamu za heshima kutoka Kampemba, hapa Lubumbashi. Ninakuandikia kuhusu binti yetu wa kwanza, ambaye ametimiza miezi 22. Juzi walimpima kliniki wakamkuta na kilo 11.6 na kimo cha sentimita 84. Tangu azaliwe amekuwa akisafiri katika kile kiti kidogo chenye mkono wa kubebea, ambacho dada yangu mkubwa alituletea kutoka Ubelgiji baada ya kukitumia kwa mtoto wake mmoja tu. Kibandiko kinasema mwisho wake ni kilo 13, kwa hiyo kwa uzito bado anaruhusiwa. Lakini kila nikimtazama naona amejaa. Nyayo zake zinagusa mgongo wa kiti cha gari, magoti yamekunjika, na utosi umelingana na ukingo wa juu.

Gari letu ni Toyota IST iliyotoka Japani, usukani ukiwa upande wa kulia kama magari mengi ya hapa mjini. Mume wangu anafanya kazi Likasi. Kila baada ya wiki mbili tunamfuata huko, mimi nikiendesha na mama mkwe akiwa nyuma pamoja na mtoto. Barabara ile unaijua, na malori ya madini yanavyofuatana bila kuachiana nafasi. Mwezi uliopita lori lililokuwa mbele yangu lilisimama ghafla, nikakanyaga breki kwa nguvu zangu zote. Mkoba wa mama mkwe uliruka kutoka kitini ukapita kati yetu na kugonga redio. Mtoto hata hakuamka. Tangu siku hiyo suala la kiti kinachofuata halinitoki akilini.

Nimezunguka mjini nikapata viti vitatu. Cha kwanza ni kipya na bei yake ni dola 25, ila ni kikalio tu cha kumwinua mtoto, hakina mgongo wala mikanda yake. Cha pili kimetumika Japani, kina mikanda ya mabega, kinatazama mbele, na mwenye nacho anataka dola 60. Cha tatu ni kikubwa, kinaweza kutazama nyuma na baadaye kugeuzwa kitazame mbele, nacho ni dola 150. Muuzaji mwenyewe alinishauri nisipoteze pesa kwa hicho cha tatu, kwa kuwa, alisema, mtoto akishatimiza mwaka anapaswa kutazama mbele, na akiendelea kutazama nyuma miguu itavunjika siku ya ajali. Mama mkwe, ambaye ninamheshimu sana, anaona vyote vitatu ni gharama za bure: amelea watoto saba, wote wakisafiri mapajani, na wote wako hai.

Mume wangu ametenga dola 100, lakini anasema ataongeza nikimpa sababu. Naomba unisaidie kuipata hiyo sababu, kama ipo. Na je, siku tunapopanda taksi tufanye nini?

Mama wa mtoto mmoja, Kampemba

JIBU

Dada yangu,

Nunua cha tatu, kwa sharti moja ambalo ni lazima ulihakikishe kabla pesa haijatoka mkononi mwako. Nitalieleza sharti hilo kwa urefu, maana hapo ndipo wazazi wengi hukosea hata wakiwa wamechagua vizuri.

Lakini nianze na kiti alichonacho sasa, kwa kuwa umekisoma vizuri kuliko unavyodhani. Miguu iliyokunjika haimaanishi kwamba kiti kimekwisha. Mtoto wa umri huo hukunja magoti popote anapokaa, hata kwenye mkeka, na haimuumizi. Kinachotueleza kwamba kiti kimekwisha ni kichwa. Kati ya utosi na ukingo wa juu panapaswa kubaki nafasi ya kama upana wa vidole viwili, ili kichwa kikirushwa kibaki ndani ya ganda. Wewe unasema utosi umelingana na ukingo. Basi kiti hicho kimemwisha sasa, ingawa bado ana karibu kilo moja na nusu kabla ya kufika 13. Uzito na kimo ni vipimo viwili tofauti, na kinachotangulia kufika mwisho ndicho kinachofunga hesabu. Msisubiri kilo 13.

Sasa sababu ambayo mume wako anaiomba. Kichwa cha mtoto mdogo ni kizito mno kwa mwili wake. Mtoto anapozaliwa, kichwa peke yake ni kama robo ya urefu wake wote, na pingili za shingo bado zina sehemu za gegedu ambazo huchukua miaka kukaza na kuwa mfupa kamili. Gari likigonga kitu kilicho mbele, mtoto anayetazama mbele huzuiliwa kifuani na mikanda, lakini kichwa hakizuiliwi na chochote isipokuwa shingo hiyo laini. Akitazama nyuma, mgongo, shingo na kichwa hudidimia pamoja katika mgongo wa kiti, na nguvu ya mgongano husambaa juu ya mwili mzima badala ya kukusanyika mahali pamoja. Umeliona hilo kwa macho yako siku ya lori: breki ile ile iliyorusha mkoba hadi kwenye redio ilimgandamiza binti yako taratibu kwenye kiti chake, akaendelea kulala.

Jambo hili si jipya. Katika miaka ya 1960 profesa mmoja wa Sweden, Bertil Aldman, alitazama jinsi wanaanga wa Marekani wa safari za Gemini walivyolazwa ili mgongo upokee nguvu ya kuruka, akaitumia fikra hiyo kutengeneza kiti cha mtoto kinachotazama nyuma. Mpaka leo wazazi wa Sweden huwaacha watoto wao watazame nyuma hadi wafikie umri wa miaka minne hivi. Madaktari wa watoto wa Marekani, kupitia chama chao, waliandika mwaka 2018 kwamba mtoto atazame nyuma kwa muda wote ambao kiti chake kinaruhusu, bila kutaja siku ya kuzaliwa ambayo akiifikia ndipo ageuzwe. Kanuni ya Umoja wa Mataifa inayoitwa R129 inakataza kumgeuza kabla ya miezi 15. Ninakuomba uusome mwezi huo kama mpaka wa chini: chini yake ni marufuku, lakini juu yake hakuna anayekuharakisha. Nadhani yule muuzaji alisikia mpaka huo ukitajwa akaugeuza kuwa amri. Na kuhusu miguu kuvunjika, mtoto anayetazama mbele ndiye ambaye miguu yake hurushwa ikagonga mgongo wa kiti kilicho mbele yake. Yule anayetazama nyuma huumia miguu kwa nadra. Hata kama ingekuwa kinyume, mguu huungwa na kupona.

Sharti langu ni hili. Viti vingi vinavyogeuzwa vina mipaka miwili ya uzito, na kibandiko kinaweza kuandika mkubwa kwa herufi nene huku mdogo ukiwa pembeni. Kuna viti ambavyo vinamruhusu mtoto kutazama nyuma hadi kilo 13 tu, kisha lazima kigeuzwe, ndipo kinaendelea mbele hadi kilo 18. Kwa mtoto wa kilo 11.6 kiti cha namna hiyo ni dola 150 kwa miezi michache. Kwa chati ya ukuaji ya Shirika la Afya Duniani, msichana wa wastani hupita kilo 13 akiwa na miaka miwili na nusu na kidogo, lakini kilo 18 huzifikia karibu na umri wa miaka mitano. Kwa hiyo tafuta kibandiko kinachosema wazi kwamba akitazama nyuma anaruhusiwa hadi kilo 18 au zaidi, au, kama kiti ni cha kanuni mpya ya R129 inayopima kwa kimo, hadi sentimita 105. Kile cha dola 150 kikiwa na mpaka wa kilo 13 kwa kutazama nyuma, mwambie muuzaji ahsante na uendelee kutafuta. Pesa hiyo itakusubiri.

Kibandiko chenyewe huwa cha rangi ya chungwa, chenye herufi E kubwa ndani ya duara pamoja na namba ya nchi iliyotoa kibali: 1 ni Ujerumani, 2 ni Ufaransa, 4 ni Uholanzi, 43 ni Japani. Kama kiti ni cha kanuni ya zamani, yaani R44, namba ndefu ya kibali inapaswa kuanza na 03 au 04. Zinazoanza na 01 au 02 Ulaya ilikwisha kuziondoa barabarani tangu 2008. Viti vya Marekani havina duara hilo, vina maandishi ya kiwango chao wenyewe, navyo ni vizuri pia. Kiti kisicho na kibandiko chochote ni plastiki na kitambaa tu, hata kiking'aa namna gani.

Kuhusu kikalio cha dola 25 sitazunguka: kwa binti yako ni hatari. Kikalio cha namna hiyo hakimshiki mtoto, kinamwinua tu ili mkanda wa mtu mzima upite mahali panapofaa, juu ya mfupa wa nyonga na katikati ya bega. Binti yako hana nyonga iliyokomaa ya kuzuia mkanda huo, na wala hawezi kukaa wima bila kuinama au kugeuka kwa muda wote wa kilomita 120 hadi Likasi. Akiinama, mkanda wa juu unakuwa shingoni na wa chini unapanda tumboni. Kanuni za sasa zinataka vikalio visivyo na mgongo vitumiwe na watoto wenye kimo cha sentimita 125 na kuendelea. Huyo ni mwanafunzi wa shule ya msingi.

Kile cha Japani ni kiti halisi, na siku moja huenda kikamfaa mtoto kama wako, lakini kinatazama mbele na kina historia usiyoijua. Kiti kilichowahi kuwa ndani ya ajali hakitumiki tena hata kama macho hayaoni kasoro. Wewe unajua kwamba kile cha dada yako hakikugongwa, kwa sababu ni dada yako na unaweza kumuuliza. Kiti kilichosafiri kutoka Japani hadi Dar es Salaam na mpaka wetu wa Kasumbalesa hakina wa kuulizwa. Ukilazimika siku moja kununua kilichotumika, vua kitambaa chote ukiwa hapo hapo dukani. Tazama ile povu nyeupe ngumu ya pembeni kama ina ufa, pitisha kidole kwenye plastiki ukitafuta mistari myeupe ya kukunjika, kisha funga na kufungua kifungio mara kumi ukisikiliza kama kinalia vizuri kila mara. Mkanda ukiwa umechanika na fundi wa cherehani akaushona upya, kiache. Fundi wetu anaweza kushona suti ya harusi bila kasoro, lakini uzi wa mkanda huo ulipimwa kwa nguvu ambazo cherehani yake haikuundwa kuzikabili.

Sasa kipime ndani ya gari lako kabla ya kulipa. Muuzaji asiyekubali hilo usinunue kwake. Ingiza vidole katika mwanya kati ya kikalio na mgongo wa kiti cha nyuma cha gari. Ukigusa vyuma viwili vyembamba vilivyoachana kama sentimita 28, gari lako lina vishikizo vya Isofix, na kiti chenye ndoano zake kitafungwa hapo kwa mlio mmoja kila upande. Usipovigusa, tumia mkanda wa gari wenye pointi tatu, ukiupitisha katika njia iliyochorwa kwa buluu, ambayo ni ya kutazama nyuma. Nyekundu ni ya kutazama mbele. Pale katikati huenda pana mkanda wa kiunoni tu, nao viti vingi vya kufungwa kwa mkanda haviukubali. Ukishakaza, shika kiti pale mkanda unapopita na kukitikisa kwa nguvu ya kawaida. Kikisogea zaidi ya sentimita mbili na nusu, rudia kukifunga, goti lako likiwa limekandamiza ndani ya kiti ili mkanda upate kuvutika.

Swali la upande limenifanya nifikirie kidogo, kwa sababu ya usukani wenu. Kwa kuwa sisi tunaendesha upande wa kulia wa barabara, mlango wa kulia ndio unaofunguka kwenye ukingo, na kwa desturi mtoto angewekwa huko. Lakini kwenu upande huo uko nyuma ya dereva, na kiti kikubwa kinachotazama nyuma kitakusukuma hadi usukani ukuguse kifua. Mimi ningekiweka kushoto, nyuma ya kiti cha mbele ambacho safarini kwenu hakina mtu na kinaweza kusogezwa mbele kabisa. Ila basi mtoto aingie na kutoka mkiwa ndani ya ua, au mjini umtoe kupitia mlango wa kulia. Kamwe usikiweke mbele, kando yako: mfuko wa hewa ukilipuka nyuma ya kiti kinachotazama nyuma, unaweza kumuua mtoto hata katika mgongano ambao wengine wangetoka wazima.

Mikanda ya mabega itoke kwenye tundu lililo sawa na mabega yake au chini kidogo. Ikaze mpaka ushindwe kubana mkunjo wa mkanda kwa vidole viwili karibu na mtulinga. Hapa kuna jambo ambalo ninalionea uchungu kila mwaka ifikapo Juni na Julai, asubuhi za baridi yetu, wazazi wanapowafunga watoto juu ya majaketi mazito. Jaketi hunywea katika mgongano na kuacha nafasi ambayo mtoto hupita. Mvue, mfunge mikanda akiwa na sweta jepesi, kisha mfunike kwa kitenge juu ya mikanda. Kitenge hicho hicho kitakusaidia Septemba na Oktoba: kifunike kiti gari likiwa juani, maana chuma cha kifungio huweza kuunguza paja. Kifungio kikijaa vumbi na makombo, kisuuze kwa maji ya uvuguvugu bila kutia mafuta, na mikanda isiguse maji ya javeli, yale ya kung'arishia nguo.

Kuhusu taksi, dada yangu, sina jibu litakaloniridhisha mimi mwenyewe. Kwa safari fupi za mjini, kama mkanda wa nyuma wa taksi unafanya kazi, beba kiti hata kama ni kizito, na umwombe dereva dakika tano za kukifunga. Ikishindikana, kaeni nyuma, na usifunge kamwe mkanda mmoja kuwazunguka wewe na mtoto pamoja, kwa sababu mwili wako ndio utakaomponda. Kwenda Likasi kwa taksi bila kiti, ningeahirisha.

Amebaki mama mkwe. Usimjibu kwamba alikosea. Alitumia alichokuwa nacho, na Mungu alimlindia watoto wake saba. Mwambie hesabu hii kwa heshima. Gari likienda kilomita 50 kwa saa tu, likagonga na kusimama katika sehemu ya kumi ya sekunde, mjukuu wake wa kilo 11.6 atavutwa kutoka mikononi mwake kwa nguvu inayolingana na uzito wa kilo 160 na zaidi, yaani mifuko mitatu ya saruji, na kitu cha ziada juu yake. Hakuna mikono ya mwanadamu inayoweza kushika hapo, hata ya bibi anayempenda. Yeye mwenyewe pia afunge mkanda wake, kwa kuwa mtu mzima asiyefungwa huwarukia walio karibu naye. Kisha mpe nafasi yake pale nyuma, upande wa kulia, kando ya kiti. Mtoto akiwa ametazama nyuma, uso wa bibi ndio atakaouona njia nzima, na mkono wake utafika bila shida kumpa maji au kumpangusa jasho.